Yaya, Sanduku na Mabomu: Uvumi wa Majasusi Ulivyoivuruga London Mwaka 1914

Stori ilikuwa hivi. Kuna familia moja ya Kiingereza, watu wenye uwezo wao, walimwajiri binti wa Kijerumani akae nyumbani kwao awafundishe watoto. Mpole, mnyamavu, watoto wanampenda kupita kiasi. Siku moja chakula cha mchana kimeshawekwa mezani, binti haonekani. Wakasubiri, wapi. Wakapanda chumbani kwake, hayupo. Wakafungua sanduku lake la nguo, wakatoa gauni moja baada ya jingine, kumbe sanduku lina sakafu mbili. Chini ya ile sakafu ya uongo kulikuwa na mabomu, yamejipanga kama mayai kwenye trei.

Hiyo ndiyo stori iliyotamba London miezi ya mwanzo ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila aliyeisimulia alikuwa anamfahamu mwenye nyumba. Wengine walisema binti mwenyewe walishawahi kumwona, akiwa na watoto bustanini, na sasa wakikumbuka vizuri, mh, kulikuwa na kitu fulani usoni mwake.

Shida ikawa moja tu. Huyo mwenye nyumba hakuwahi kupatikana. Basil Thomson, ambaye ndiye alikuwa mkuu wa upelelezi pale Scotland Yard, aliiweka hii stori kwenye kumbukumbu alizoandika baada ya vita, kama mfano wa mambo yaliyokuwa yanawamalizia askari wake soli za viatu. Ukifuata uzi, unafika kwa mtu aliyeambiwa na mtu. Ukimfuata huyo naye, aliambiwa na mtu. Binti hakuwepo, sanduku halikuwepo, bomu hata moja halikuwepo.

Sasa usicheke haraka. Maana mabinti wa Kijerumani wa kweli walikuwepo, wakifanya kazi kwenye nyumba za watu wa kweli, na stori ya binti ambaye hakuwepo iliwafukuzisha kazi wale waliokuwepo.

Ili uelewe, lazima ujue kwamba kabla ya vita Wajerumani walikuwa wamejaa Uingereza. Sensa ya 1911 iliwahesabu zaidi ya 50,000. Na hawakuwa watu wa kujificha. Ukienda kununua mkate asubuhi, mwokaji ni Mjerumani. Bucha la nguruwe pale Liverpool, Mjerumani. Kinyozi, Mjerumani. Ukiingia hoteli kubwa ya London, anayekuletea supu ni Mjerumani. Wengi walikuwa wameshakaa miaka 20, 30, wameoa wanawake wa Kiingereza, watoto wao wanaongea Kiingereza cha mtaani kama watoto wengine. Hata ukoo wa mfalme wenyewe ulikuwa na jina la Kijerumani.

Halafu tarehe 4 Agosti 1914, saa tano usiku, Uingereza ikaingia vitani na Ujerumani. Watu walilala wakiwa majirani, wakaamka mmoja wao ni adui. Siku iliyofuata tu Bunge likapitisha sheria ya kuwadhibiti wageni: kila raia wa nchi adui akajiandikishe polisi, na asitoke zaidi ya maili 5 kutoka anapoishi bila kibali.

Lakini hofu yenyewe haikuanza siku ile. Ilikuwa imeshapikwa miaka kadhaa kabla, na waliopika ni waandishi wa hadithi. Mwaka 1906 gazeti la Daily Mail lilikuwa linachapisha hadithi ya mfululizo ya William Le Queux, The Invasion of 1910, kuhusu Wajerumani kuivamia Uingereza. Mwandishi alikuwa amepanga njia ya uvamizi kijeshi kabisa. Mwenye gazeti akaikataa. Sababu? Jeshi la Wajerumani lilikuwa linapita vijijini ambako hakuna wasomaji! Njia ikabadilishwa, Wajerumani wakapitishwa kwenye miji mikubwa ambako gazeti lingeuzika. Na ili kutangaza hadithi, watu walivalishwa sare za askari wa Kijerumani wakatembezwa mitaa ya London na mabango. Biashara ikalipa sana.

Jamaa akaendelea. Mwaka 1909 akatoa kitabu kingine kuhusu majasusi wa Kaiser waliotapakaa nchi nzima wakijifanya wahudumu na vinyozi. Wasomaji wakaanza kuandika barua wakisema na wao wamewaona. Kelele zikawa kubwa mpaka serikali ikaunda kamati, na mwaka huohuo 1909 ikaanzishwa idara ya siri ambayo baadaye iligawanyika ikawa MI5 na MI6. Yaani mashushushu maarufu kuliko wote duniani, wale ambao filamu za James Bond zinatuuzia mpaka leo, kwa sehemu walizaliwa na hadithi za magazetini.

Kwa hiyo vita ilipofika, watu walikuwa tayari na macho. Kilichobaki ni kuona.

Na waliona kweli! Kiwanja cha tenisi cha zege nyuma ya nyumba ya tajiri mwenye jina la Kijerumani kiligeuka jukwaa la mizinga, limejengwa mapema kusubiri siku ya uvamizi. Taa ikipepesa dirishani usiku, huyo anawapa ishara ndege za adui, kumbe ni pazia linapigwa na upepo. Njiwa akikatiza angani, kabeba barua. Kufuga njiwa wa kutuma barua ikahitaji kibali cha polisi. Mbwa wale wafupi warefu wa Kijerumani wakawa wanapigwa mateke barabarani, na German Shepherd, yule mbwa tunayemjua wote, Waingereza wakambatiza jina jipya, Alsatian.

Lakini inayofurahisha kuliko zote ni ya Maggi. Ndiyo, Maggi hiyohiyo ya jikoni. Wakati ule kampuni ilikuwa na mabango ya chuma yamepigwa rangi ya kung'aa, yamefungwa kwa skrubu kwenye kuta huku na huku. Ukatoka uvumi huko Ubelgiji kwamba nyuma ya kila bango kumeandikwa taarifa za siri za eneo lile, ili askari wa Kijerumani wakifika walifungue tu wasome. Uvumi ukavuka bahari. Vitongojini London watu wazima, wenye kazi zao na ndevu zao, wakaunda vikundi, wakabeba bisibisi, wakawa wanazunguka kufungua mabango ya matangazo waangalie nyuma. Walikuta ukuta.

Kuna na ile ya Warusi. Mwishoni mwa Agosti 1914 habari kutoka uwanja wa vita Ufaransa zilikuwa mbaya, na serikali ilikuwa imeyabana magazeti yasiandike kitu. Watu wakabaki na njaa ya habari, na mwenye njaa hachagui. Ghafla nchi nzima ikaanza kusema kwamba maelfu ya askari wa Urusi wameshushwa kaskazini, Scotland, na wanasafirishwa usiku kwa treni kwenda kuokoa jahazi Ufaransa. Kuna walioapa wamewaona kwenye stesheni wakikung'uta theluji kwenye mabuti. Theluji, mwezi wa nane, baada ya safari ya baharini! Tarehe 15 Septemba serikali ikalazimika kukanusha rasmi. Maelezo yaliyotolewa baadaye yalikuwa mengi: wengine walisema kuna simu ya maandishi kuhusu shehena ya mayai kutoka Urusi ilisomwa vibaya, wengine walisema ni askari wa Kiskochi waliulizwa wametoka wapi wakajibu "Ross-shire", mtu akasikia "Russia".

Huu uvumi wa Warusi ulikuwa wa faraja, haukumuumiza mtu. Ule wa majasusi ulikuwa na jina na anwani ya mtu.

Mpaka mwanzoni mwa Septemba 1914, yaani mwezi mmoja tu wa vita, polisi wa London walikuwa wamepokea taarifa kati ya 8,000 na 9,000 za kuwashuku watu. Waliona zinazostahili kufuatiliwa ni kama 90. Katika hizo, iliyothibitika hakuna. Fikiria kazi ya askari wa kawaida kipindi kile: anaamka asubuhi, mezani kuna barua za kina mama wanaosema mpangaji wa juu anatembea usiku, mhudumu wa hoteli anachora ramani (ilikuwa michoro ya meza na viti), mwalimu wa piano ana lafudhi. Zote afuatilie. Na kila anapokwenda kugonga mlango na sare yake, majirani wanachungulia dirishani, wanasema unaona, tulijua sisi.

Uvumi wenyewe ulifika mpaka kwetu. Novemba 1914 Waingereza walishusha jeshi la kama watu 8,000, wengi wao askari kutoka India, kuiteka Tanga. Upande wa pili Wajerumani na askari wao Waafrika walikuwa karibu 1,000 tu. Tarehe 4 katikati ya mapigano nyuki wakachafuka kwenye mizinga yao mashambani, wakawashambulia watu hovyo, Mwingereza na Mjerumani bila kubagua. Waingereza walishindwa vibaya, wakarudi melini. Basi habari ikaenda kwamba ile haikuwa bahati mbaya, Wajerumani waliwatega wale nyuki kwa makusudi. Ni rahisi kumlaumu nyuki aliyetumwa kuliko jenerali aliyepanga vibaya.

Siku mbili tu baada ya Tanga, alfajiri ya tarehe 6 Novemba, ndani ya ngome ya Tower of London, alipigwa risasi jasusi wa kweli.

Maana walikuwepo. Hapo ndipo mambo yanakuwa matamu, na pia ndipo yanauma. Huyu aliitwa Carl Hans Lody. Aliingia Uingereza mwishoni mwa Agosti na pasi ya kusafiria ya Kimarekani yenye jina la mtu mwingine, akijifanya mtalii. Kiingereza chake kilikuwa safi, alishawahi kuoa Marekani na kufanya kazi ya kuongoza watalii. Alikwenda Edinburgh, akapanga chumba, akakodi baiskeli, akawa anazunguka kuangalia meli za kivita. Hakuoka mikate, hakunyoa watu, hakuwa jirani wa mtu yeyote. Na hakukamatwa kwa sababu ya mtu aliyechungulia dirishani. Alikuwa anatuma taarifa kwenye anwani moja ya Stockholm, Sweden, ambayo wakaguzi wa barua walikuwa wanaijua. Wakawa wanamsoma tu.

Katika alizotuma kuna moja waliiachia ipite kwa makusudi. Ni ile aliyowaambia wakubwa wake Berlin kwamba Warusi wamepita Scotland. Uvumi ulikuwa umemwingia na jasusi mwenyewe.

Baada yake wakaja wengine, na stori zao zinachekesha na kusikitisha kwa pamoja. Waholanzi wawili walijifanya wauzaji wa sigara zile nene za matajiri, wakawa wanatuma oda kutoka miji ya bandari. Idadi ya sigara kumbe ni idadi ya meli. Wakaguzi wakajiuliza, mabaharia hawa wameanza lini kuvuta sigara za bei mbaya kiasi hiki? Wakauawa Julai 1915. Mwingine, Carl Muller, aliandika barua za kawaida kabisa kwa Kiingereza, halafu katikati ya mistari akaandika mambo ya siri kwa maji ya limau, yanayoonekana ukipasha karatasi moto. Alipokamatwa alikutwa na limau. Akasema la kusafishia meno. Baada ya kumwua, MI5 wakaendelea kuwaandikia Wajerumani kwa jina lake, na Wajerumani wakaendelea kumtumia marehemu hela. Inasimuliwa kwamba wakanunulia gari, wakalipa jina lake.

Jumla majasusi 11 waliuawa pale Tower wakati wa vita ile. Karibu wote waliingia nchini vita ikiwa imeshaanza, na pasi za nchi zisizohusika.

Ni kweli, wenyeji waliokutwa na hatia walikuwepo. Kinyozi mmoja wa Caledonian Road, kaskazini mwa London, alikuwa anapokea bahasha kutoka Ujerumani, ndani kuna barua nyingine, anabandika stempu za Kiingereza na kuzitupia posta. Ujira wake ulianzia pauni moja kwa mwezi. Alifungwa miaka 7. Na Muller wa limau alikuwa na msaidizi, mwoka mikate wa Deptford, naye akapata miaka 7. Kinyozi na mwokaji, wote wawili wazaliwa wa Uingereza, wazazi Wajerumani. Kama vile kwenye hadithi za magazetini! Unaweza kupata picha mtaani walivyopokea. Lakini kinyozi yule barua zake zilikuwa zimefunguliwa na kusomwa kimya kimya miaka kadhaa kabla ya vita, na mwokaji alinaswa kwa barua. Umbea wa majirani haukuchangia hata mmoja.

Kwa kila mmoja wa hao wawili kulikuwa na maelfu wasiokuwa na kitu. Hata vigogo hawakupona. Mkuu wa jeshi la majini la Uingereza, Louis wa Battenberg, alizaliwa Austria, lakini alikuwa amechukua uraia wa Kiingereza tangu akiwa na miaka 14 na kulitumikia jeshi lile maisha yake yote. Magazeti yakaanza kuuliza na huyu je? Oktoba 1914 akajiuzulu. Akaja kuligeuza jina la ukoo likawa Mountbatten. Mfalme naye Julai 1917 akaona bora yaishe, ukoo wote ukabatizwa Windsor, na ndilo jina wanalolitumia mpaka sasa.

Ila mfalme alipoteza jina tu.

Tarehe 7 Mei 1915 nyambizi ya Kijerumani iliizamisha Lusitania, meli ya abiria, wakafa watu karibu 1,200. Mabaharia wengi walikuwa watoto wa Liverpool. Kesho yake mitaa ya Liverpool ililipuka, halafu Manchester, halafu London mashariki. Kila duka lenye jina la Kijerumani juu ya mlango lilivunjwa. Vioo, milango, unga umemwagwa barabarani, vitanda na viti vinatupwa kutoka ghorofani, piano zinasukumwa chini. Hasira ilikuwepo, tusikatae, kuna waliofiwa. Lakini na waliokuja na matoroli walikuwepo. Mtu analia kwa ajili ya Lusitania huku amebeba gunia la unga wa jirani.

Katika waliovunjiwa kulikuwa na baba ambaye mtoto wake yuko Ufaransa na sare ya Mwingereza. Kulikuwa na Warusi na Waswisi, jina tu ndilo lilisikika vibaya. Wengine walibandika karatasi dirishani kueleza wao ni taifa gani. Karatasi haizuii tofali.

Tarehe 13 Mei waziri mkuu akatangaza bungeni kwamba wanaume wote wa nchi adui wenye umri wa kwenda vitani, ambao hawana uraia wa Uingereza, watawekwa kizuizini. Wakati huo haikuulizwa tena kama mtu ana kosa. Mpaka Novemba 1915 walikuwa zaidi ya 32,000. Kambi kubwa ilikuwa Knockaloe, Isle of Man, ambako walirundikana zaidi ya 20,000 nyuma ya seng'enge, wengine miaka minne. Njaa haikuwaua, ila kukaa bila kazi na bila kujua mwisho ni lini kuliwaharibu watu akili. Daktari mmoja wa Uswisi akaupa ule ugonjwa jina, ugonjwa wa seng'enge. Miongoni mwa waliofungiwa Isle of Man alikuwa jamaa mmoja wa mazoezi, Joseph Pilates. Muda wa kambini aliutumia kufundisha wenzake kunyoosha viungo. Wale mnaolipia gym kufanya Pilates, mjue mazoezi yenu yamepitia wapi.

Na wake zao? Hapa ndipo penye machungu kuliko pote. Kwa sheria ya Uingereza ya wakati ule, mwanamke akiolewa na mgeni anapoteza uraia wake na kuchukua wa mume. Mama kazaliwa London, wazazi wake London, Ujerumani hajawahi kuikanyaga, lakini aliolewa na mwoka mikate wa Kijerumani mwaka 1895, kwa hiyo mwaka 1914 serikali inamwita Mjerumani. Aende polisi kujiandikisha kama adui. Asivuke maili 5. Mume kachukuliwa, duka limevunjwa, watoto shuleni wanaitwa majina. Akienda kwa ndugu zake mwenyewe, wengine walifunga mlango.

Vita ikaisha Novemba 1918, kufukuza watu hakukuisha. Wengi wa waliokuwa kambini walipelekwa Ujerumani moja kwa moja. Wajerumani waliokuwa Uingereza walikuwa zaidi ya 57,000 vita ilipoanza. Mwaka 1919 walibaki kama 22,000.

Kwenye meli na treni zile za kurudisha watu kwao kulikuwa na wanawake wa Kiingereza waliochagua kuwafuata waume zao, na watoto waliozaliwa na kukulia London au Liverpool. Walikuwa wanakwenda kwenye nchi iliyoshindwa vita, yenye njaa, kuishi na mashangazi wasiowajua. Kijerumani hawakijui. Na huko walikofika, mtaani waliitwa Waingereza.